Wazee na matairi makubwa: Nguvu ikipungua, mbinu iongezeke

Safu hii ya Afya na Usafi mara nyingi huzungumzia maji, chakula, vyoo na homa za watoto. Leo tunaomba tugeukie jambo ambalo ni nadra kulikuta katika kurasa za afya, ingawa linavunja migongo ya wazee wetu: kufungua, kunyanyua na kufunga matairi makubwa ya malori na ya magari ya kwenda porini.

Huenda ukasema hilo ni suala la gereji, si la afya. Hebu tafakari. Katika familia ngapi unazozifahamu kuna baba, mjomba au babu aliyekula maisha yake kwenye usukani? Wako waliokwenda kusini wakati Rufiji ikivukwa kwa kivuko, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Wakati huo gari likikwama kwenye tope au likipata pancha katikati ya pori, dereva na utingo wake ndio waliokuwa mafundi, na hapakuwa na wa kumpigia simu. Dereva aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka ule, leo amevuka 60. Wengi wao bado wanaendesha, ama kwa kuajiriwa, ama katika magari yao wenyewe ya kubebea mazao, mbao na mchanga.

Mwili umebadilika, lakini tairi halijapungua hata kilo moja. Tena siku hizi limeongezeka, kwa kuwa yako magari mengi ambayo wenyewe wameyatoa matairi ya kiwandani na kuyafunga makubwa zaidi, ama kwa sababu ya barabara mbovu, ama kwa sababu gari linapendeza likiwa limeinuka.

Msimamo wa makala haya ni huu: mtu aliyefikisha miaka 50 na kuendelea hapaswi kunyanyua tairi kubwa peke yake, na wenye wajibu wa kuhakikisha hilo si yeye tu, bali ni mwenye gari, vijana wa nyumbani na kila anayepanga safari. Hatusemi mzee akae kibarazani. Tunasema namna ya kuifanya kazi ibadilike kabla mgongo haujaibadilisha kwa nguvu.

UZITO TUNAOUZUNGUMZIA

Gurudumu la gari dogo la mjini, yaani tairi pamoja na rimu yake, lina kilo kama 15 hivi. Gurudumu la kawaida la Land Cruiser ya kazi, lenye tairi la 7.50R16 na rimu ya chuma, linakaribia kilo 35. Ukipanda hadi tairi la inchi 35, pamoja na rimu unafikia kilo 45 hivi. Tairi la inchi 37 linakwenda kwenye kilo 50, yaani mfuko mzima wa saruji. Gurudumu la lori kubwa lenye tairi la 12.00R20 linapita kilo 100, nayo ni mifuko miwili. Hapo hatujahesabu tope lililoganda kwenye meno ya tairi, ambalo peke yake linaweza kuongeza kilo kadhaa.

Sasa linganisha na wanayoyasema wataalamu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kunyanyua mizigo ya mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo, tena pale mazingira yanapokuwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una pa kushika, na hakuna kujipinda. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza katika mwongozo wake inamshauri mwanamume anayeokota mzigo kutoka chini kabisa asizidishe kilo 10 hivi bila kwanza kupima hatari.

Tairi linavunja masharti yote hayo. Liko chini, halina mpini, ni pana kiasi kwamba kifua hakiwezi kulisogelea, na unapolipeleka kwenye gari lazima ujipinde kulilenga kwenye stadi, yaani zile skrubu zinazotokeza kwenye kitovu cha gurudumu. Mfuko wa saruji angalau unakaa begani.

Upana huo ndio wenye madhara makubwa. Chukua mfano wa ubao wa pembea ya watoto. Mtoto aliyekaa mbali na katikati anamwinua mkubwa aliyekaa karibu. Mgongo nao uko hivyo. Misuli inayousimamisha iko karibu sentimita 5 tu nyuma ya pingili, wakati tairi ulilolikumbatia liko sentimita 50 mbele. Kwa hiyo kila kilo uliyoishika mkononi, misuli ya mgongo inalazimika kuivuta kwa nguvu ya kama kilo 10. Tairi la kilo 45 linadai zaidi ya kilo 400 kutoka kwenye kiuno. Kijana wa miaka 25 anaweza kupona na mchezo huo mara nyingi. Mzee wa miaka 62 anacheza kamari.

MWILI UNABADILIKA VIPI

Kuanzia miaka ya thelathini, mwili hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli katika kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Hili humpata kila mtu, hata mwenye afya njema, ingawa anayefanya mazoezi hupoteza kidogo kuliko asiyefanya.

Baina ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, wengi huviita diski, ambavyo kazi yake ni kupokea mishtuko. Ujanani vimejaa maji. Kadiri umri unavyosogea vinakauka na ganda lake linapata nyufa. Ukilibana kwa uzito mkubwa huku umeinama na kujipinda, kile kiini cha ndani kinaweza kuchomoza na kukandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo yale maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni, yakateremka hadi kwenye unyayo kama moto.

Moyo nao uko katika hesabu hii. Mtu anaponyanyua kitu kizito kwa kubana pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla. Kwa mwenye presha, au mwenye mishipa ya moyo iliyoanza kuziba bila yeye kujua, nguvu ya ghafla ambayo mwili haujaizoea inaweza kuleta shambulio la moyo. Aidha kubana pumzi kunasukuma tumbo, na pale ukuta wa tumbo ulipodhoofika, utumbo hupenya kinenani. Hiyo ndiyo henia, ambayo wengi wetu huiita ngiri.

Wapo pia wenye kisukari. Wengi wao, baada ya miaka kadhaa, hupungukiwa na hisia za miguu. Mzee wa namna hii akiangukiwa na tairi kwenye vidole anaweza kuona ni jambo dogo, akaendelea na safari, na akagundua kidonda baada ya siku mbili kikiwa kimeshaoza. Na mama zetu wanaoendesha magari wafahamu kuwa baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua uimara kwa kasi, hivyo pingili inaweza kuvunjika kwa uzito ambao zamani usingefanya lolote.

Mgongo ukishaharibika, hasara haiishii kazini. Mzee aliyekuwa akirukuu na kusujudu bila taabu anaanza kuswali kwenye kiti. Dini imempa ruhusa hiyo, alhamdulillahi, lakini muulize mwenyewe ni mara ngapi anaitamani sijda yake. Hawezi kumbeba mjukuu, hawezi kujifunga viatu, na usiku anajigeuza kitandani kwa kusaidiwa. Yote hayo kwa ajili ya pancha moja.

“NIMEFANYA HIVI MIAKA THELATHINI”

Hili ndilo jibu utakalolipata ukimwambia mzee aache kunyanyua tairi. Amelifanya miaka thelathini, na vijana wa leo ni lege lege.

Tumheshimu anayesema hivyo, kwa kuwa anasema kweli. Lakini miaka hiyo thelathini ni hoja ya upande wa pili. Visahani vya mgongo havipati likizo. Kila tairi alilolinyanyua limeacha alama yake, na siku mgongo unapokatika si kwa sababu tairi la siku hiyo lilikuwa zito kuliko mengine, bali kwa sababu lilikuta ufa uliokwisha kuchimbwa na yale ya nyuma.

Wengine watauliza, je, mzee akiacha kazi nzito si ndiyo atazeeka haraka? Swali hili ni zuri na lina ukweli ndani yake. Misuli isiyotumika hunywea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku tatu. Lakini mazoezi ni uzito unaouchagua, unaoupandisha kidogo kidogo, ukiwa umepumzika na mwili umepata joto. Tairi la porini ni uzito usiouchagua, unaokujia ghafla baada ya kukaa kwenye usukani saa sita, mgongo ukiwa umekakamaa. Mzee anayetaka kubaki na nguvu aketi na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika popote, arudie mara tatu, atembee kwa miguu kwenda msikitini na sokoni, abebe ndoo mbili zisizojaa, moja kila mkono. Hayo yatamsaidia siku ya pancha kuliko ubishi.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI BILA KUUVUNJA MGONGO

Ikiwa hapana budi tairi libadilishwe, na mzee yupo, basi ashike mambo yafuatayo. Kijana naye ayashike, kwani naye atazeeka inshaallah.

Kwanza, usishuke ukaanza. Baada ya safari ndefu tembea dakika tano, jinyooshe, kunywa maji. Ikiwa ni Ramadhani na jua ni kali, kumbuka kuwa kazi hii inatoa jasho jingi na kwamba msafiri ana ruhusa yake. Vaa viatu vilivyofunika vidole; makubadhi na kandambili si vya kazi hii. Ukiwa na kanzu, ivue au ipandishe uifunge, isije ikanasa au ikakukwaza.

Pili, jiulize kama ni lazima tairi litoke. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara, mara nyingi unaweza kuliziba likiwa hapo hapo kwenye gari kwa mshipi wa raba wenye gundi, kisha ukalijaza kwa pampu ndogo ya umeme wa betri. Vifaa hivyo viwili ni dawa ya mgongo kuliko mkanda wowote wa kiunoni. Lakini pancha ikiwa ubavuni, usizibe kwa njia hiyo.

Tatu, zuia gari lisitembee. Vuta breki ya mkono, weka mawe au kabari kwenye magurudumu yaliyobaki, weka jeki juu ya ubao mpana kama ardhi ni ya mchanga au tope. Ukishaliteremsha tairi la spea, lilaze chini ya chasisi karibu na unapofanya kazi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mtu.

Nne, legeza nati kabla gurudumu halijainuka. Tumia wili spana yenye mpini mrefu, au uongeze bomba imara. Mpini ukiwa mrefu mara mbili, nguvu inayohitajika inapungua nusu. Uweke mpini upande ambao utasukuma kwenda chini kwa uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka. Usivute kwenda juu kwa kiuno, wala usirukeruke juu ya spana. Na hapa ujuzi wa mzee una thamani: malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, zenye alama ya herufi L. Vijana wangapi wamejiteguka mabega kwa kuzikaza huku wakidhani wanazifungua!

Tano, usibebe tairi, livingirishe. Gonga tope litoke kwanza. Lisimamishe na ulisukume likiwa wima, wewe ukiwa pembeni na si mbele yake. Likianza kuanguka, LIACHE LIANGUKE. Mkono unaojaribu kudaka kilo 45 zinazoanguka ndio unaochanika bega na ndio unaopinda kiuno. Tairi halivunjiki.

Sita, shusha gari lifuate tairi, usipandishe tairi lifuate gari. Wengi hupandisha jeki juu sana halafu wanalazimika kulinyanyua gurudumu. Shusha jeki mpaka tundu za rimu zikaribie usawa wa stadi na ibaki nafasi ya kidole kimoja tu chini ya tairi. Kisha ingiza beleshi au mtaimbo chini ya tairi, weka jiwe dogo nyuma yake, na ukandamize mpini kwa mguu. Tairi litapanda sentimita chache zinazohitajika, nawe mikono yako itafanya kazi ya kulielekeza tu. Kwa mbinu hii hata mtu mwembamba hufunga gurudumu la Land Cruiser bila kulinyanyua. Gurudumu la lori ni jambo jingine: hilo linahitaji watu wawili na mtaimbo, na penye uwezekano aitwe fundi.

Saba, toa pumzi unaposukuma. Usiibane. Ukishindwa kuzungumza huku ukifanya kazi, umezidisha.

Nane, kaza nati kwa mtindo wa kuvuka, moja huku na inayotazamana nayo kule, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Spea iliyo juu ya paa ndiyo mbaya kuliko zote. Wenye matairi makubwa huyapandisha huko kwa sababu hayaenei chini ya gari. Kuteremsha kilo 45 kutoka juu ya kichwa si kazi ya mtu mmoja wa umri wowote. Wawe wawili, mmoja juu na mmoja chini, kuwe na kamba na ubao wa kuteremshia kwa kuserereka. Afadhali zaidi, spea ifungwe nyuma ya gari kwenye mkono unaofunguka kama mlango, ambapo urefu wake si wa kutisha.

UPEPO UNAUA

Mgongo unaumiza, lakini upepo unaua. Malori mengi na baadhi ya Land Cruiser zina rimu za vipande, zinazofungwa kwa pete ya chuma. Pete hiyo ikikaa vibaya, au ikiwa imeliwa na kutu, wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka kwa nguvu ya kumuua aliye mbele yake. Tairi la lori hujazwa pauni 100 na zaidi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1980, kanuni za usalama kazini zinataka gurudumu la rimu za vipande la magari makubwa lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na mjazaji akae mbali. Kwetu, fundi pancha wengi wa kando ya barabara wanalikalia.

Kwa hiyo ikiwa umri wako umesogea, macho hayaoni vizuri kama pete imekaa sawa na miguu haina wepesi wa kuruka, hii si kazi yako kabisa. Toa upepo wote kabla ya kufungua pete, peleka kwa fundi mwenye kizimba, au angalau lifungwe kwa mnyororo, mpira wa upepo uwe mrefu, na kila mtu akae pembeni.

Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wana mtihani wao. Huko kwenye matuta ya mchanga, madereva hupunguza upepo hadi pauni 15 hivi ili tairi litandazike na lisizame. Ni mbinu sahihi, lakini gari likikatwa kona kwa kasi ukingo wa tairi huchomoka kwenye rimu. Wapo wanaolirudisha kwa kumwaga petroli na kuwasha kiberiti ili mlipuko ulitanue. Baba mwenye familia asifanye hivyo. Pampu nzuri, maji ya sabuni kwenye ukingo na mkanda wa kubana tairi mzunguko wote hufanya kazi hiyo bila kumchoma mtu uso.

KWA WENYE MAGARI NA VIJANA WA NYUMBANI

Hapa ndipo lawama zinapostahili kugawanywa. Siku hizi baadhi ya wenye malori wanaondoa utingo ili kupunguza gharama. Dereva wa miaka 58 anatumwa safari ya mikoa miwili akiwa peke yake, na nyuma amefungiwa spea ya kilo 100. Mwenye gari anajua fika kuwa pancha itatokea. Anajua pia nani atalinyanyua. Huyo hajapunguza gharama. Amemhamishia mzee, alipe kwa kiuno chake.

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyounda Mfuko wa Fidia ulioanza kazi mwaka 2015. Dereva aliyeajiriwa akiumia kwa kubadilisha tairi, ameumia kazini sawa na aliyekatwa na mashine kiwandani. Ajali hiyo iripotiwe. Lakini dereva asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari, mara nyingi huambulia nauli ya kurudi kwao. Madereva wadai mikataba, na wenye magari wamche Mwenyezi Mungu katika haki za watu.

Na wewe kijana uliyemfungia baba yako matairi ya inchi 35 ili gari la nyumbani lipendeze, jiulize swali moja kabla hujalipa: siku likipata pancha usiku, wewe ukiwa haupo, nani atalinyanyua? Kama jibu ni “baba”, au ni “mama”, basi rudisha matairi ya kiwandani. Uzuri wa gari hauzidi mgongo wa mzazi. Na kama gari linahitaji matairi hayo kwa sababu ya njia linazopita, basi nunua siku hiyo hiyo jeki inayolitosha, pampu, vifaa vya kuziba na mpini mrefu. Gari lililoinuliwa kwa matairi makubwa mara nyingi hubaki na jeki yake ndogo ya zamani isiyofika.

Nyumbani nako, mzee anapotoka nje na wili spana, kijana asibaki na simu mkononi. Wala asimnyang'anye kwa maneno ya kumdhalilisha, kwamba “babu kaa chini, huwezi”. Mwambie: “Babu, simama hapa unielekeze, nami nifunge.” Hapo kazi inafanyika, mgongo unasalimika, heshima inabaki, na ujuzi unarithiwa. Mzee anayeheshimiwa kwa akili yake haoni haja ya kuthibitisha nguvu zake.

UKISHAUMIA

Maumivu ya kiuno ya ghafla, kwa walio wengi, hupungua ndani ya wiki chache. Usilale kitandani siku nyingi. Tembea taratibu kadiri uwezavyo, epuka kuinama na kubeba. Usikimbilie kukandwa kwa nguvu wala kukanyagwa mgongo. Na jihadhari na dawa za maumivu za kununua dukani kama diklofenaki na ibuprofeni. Zikitumiwa mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na hupandisha presha, na wenye kuathirika zaidi ni wazee.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji hata asubuhi. Mguu kulegea au kuburuzika, ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua: hapo mishipa ya fahamu imebanwa na mgonjwa afikishwe hospitali kubwa mara moja, kwani kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Vivyo hivyo kifua kubana, maumivu kwenda mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba na kukosa pumzi: huo ni moyo, tairi liachwe hapo hapo. Na uvimbe wa kinenani ulioanza kuuma sana na haurudi ndani ni dharura pia.

NA USAFI JE?

Tairi lililotolewa lisitupwe uani. Matairi makubwa hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo makazi ya mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengi, ambayo Dar es Salaam ililipuka mwaka 2014 na tena 2019. Litoboe maji yatoke, lifunike, au mpe anayelihitaji. Na baada ya kazi nawa kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Mkono usafishwe kwa sabuni na mchanga laini, si kwa petroli, kwani petroli hupasua ngozi na kuingia mwilini.

Ndugu msomaji, gazeti hili likishasomwa, fanya jambo moja kabla ya magharibi. Nenda kwenye gari la nyumbani, au la ndugu yako, au la jirani yako mzee. Tazama spea iko wapi, jeki inafika, mpini ni mrefu kiasi gani, na beleshi lipo. Kisha mkubaliane nani atalinyanyua. Kama hakuna jibu, safari hiyo haijaandaliwa.

Tukutane wiki ijayo inshaallah. Wabillahi tawfiq.